Joseph Chamberlain: Mfanyabiashara wa skrubu aliyeinunulia Birmingham maji yake

Mamlaka ya maji inapotangaza bei mpya, maelezo huwa yale yale karibu kila mji: mabomba yamezeeka, maji mengi yanapotea ardhini kabla ya kumfikia mteja, mitambo inatakiwa kubadilishwa na fedha hazitoshi. Jibu la wateja nalo halibadiliki: tulipe zaidi kwa maji yapi, na bomba letu linatoa upepo?

Mabishano hayo ni ya zamani. Takriban miaka 150 iliyopita yaliutikisa mji wa Birmingham, katikati ya Uingereza, na aliyekuwa mstari wa mbele ni mfanyabiashara wa skrubu aitwaye Joseph Chamberlain. Huku kwetu, wanaomkumbuka humkumbuka kwa mambo mengine: waziri wa makoloni wa Uingereza wakati wa vita vya Makaburu, au baba wa Neville Chamberlain, yule waziri mkuu aliyetia saini makubaliano na Hitler mjini Munich mwaka 1938. Lakini kabla ya makoloni, jina lake lilijengwa na gesi, maji na mitaro ya majitaka. Na swali alilokabiliana nalo akiwa meya bado linasumbua miji mingi, ikiwemo Birmingham yenyewe: mabomba yakihitaji fedha, nani alipe, na nani apewe nafasi ya kuamua?

Kutoka viatu hadi skrubu

Chamberlain alizaliwa tarehe 8 Julai 1836 huko Camberwell, kusini mwa London, katika familia iliyokuwa ikitengeneza na kuuza viatu. Familia yake ilikuwa ya Waunitariani, dhehebu la Kikristo lisilokubali mafundisho ya Utatu. Waumini wa madhehebu ya aina hiyo hawakuwa na nafasi sawa na wale wa kanisa la taifa, na wengi wao waliwekeza nguvu zao katika biashara.

Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16 na kuingia katika biashara ya baba yake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1854, alipelekwa Birmingham. Mjomba wake kwa upande wa ndoa, John Sutton Nettlefold, alikuwa na kiwanda cha skrubu za mbao, na alitaka kununua haki ya kutumia mashine mpya za Kimarekani zilizotengeneza skrubu yenye ncha. Baba yake Joseph alitia fedha, na kijana akatumwa kuzichunga.

Alizichunga vizuri. Alisimamia hesabu na mauzo, akapunguza bei hadi washindani wakashindwa kumfuata, na wengine akawanunua. Kufikia mwaka 1874, alipoachana na biashara akiwa na umri wa miaka 38, alikuwa tajiri na kampuni yao ilikuwa imelishika soko la skrubu la Uingereza. Ni vyema kulikumbuka hilo kwa sababu mtu aliyekuja kuhubiri kwamba maji yasiuzwe kwa faida hakuwa mtu anayechukia faida. Alijua ukiritimba unavyofanya kazi. Alikuwa amejenga wa kwake.

Maisha ya nyumbani yalikuwa na majonzi. Mke wake wa kwanza, Harriet, alifariki mwaka 1863 baada ya kumzaa Austen, ambaye baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Alimwoa Florence, binamu yake Harriet, akamzalia watoto wanne, Neville akiwa mmoja wao. Mwezi Februari 1875, katikati ya vita vya gesi na maji, Florence naye akafariki akijifungua. Chamberlain hakurudia tena imani yake ya dini. Alirudi kazini.

Mji wa visima

Birmingham ya miaka ya 1870 ilikuwa na watu karibu 340,000. Ulikuwa mji wa karakana: vifungo, bunduki, vito, kalamu za chuma, vitanda, misumari. Wafanyakazi waliishi katika nyumba ndogo zilizoegemeana mgongo kwa mgongo, zikizunguka ua mmoja. Katika ua huo kulikuwa na choo cha pamoja, shimo la taka, na hatua chache kutoka hapo, kisima.

Maji ya bomba yalikuwepo. Kampuni binafsi ya maji ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1826, na ilimpelekea maji yeyote aliyeweza kulipa. Ambao hawakuweza, au ambao wenye nyumba wao hawakutaka kuingia gharama, walichota kisimani. Takriban nusu ya wakazi wa mji walitegemea visima, na vingi vilikuwa vimechafuliwa na majitaka yaliyopenya ardhini kutoka vyooni.

Hatari ya maji hayo haikuonekana kwa macho. Maji ya kisima yalikuwa baridi na safi kwa kuyatazama, na watu waliyapenda. Daktari John Snow alikuwa ameonyesha huko London mwaka 1854 kwamba kipindupindu kilifuata pampu moja ya mtaani, lakini kumshawishi mama wa nyumba aache maji ya bure yaliyo mlangoni pake na kuanza kulipia ya bomba ni jambo jingine kabisa.

Kwa nini halmashauri ya mji haikufanya kitu? Kwa sababu kwa miaka mingi ilichaguliwa ili isifanye kitu. Katika miaka ya 1850 baraza lilishikwa na kundi la madiwani waliojiita wabana matumizi. Walikutana katika baa iitwayo Woodman, kiongozi wao akiwa Joseph Allday, na ahadi yao kwa wapiga kura ilikuwa moja: kodi ya mji haitapanda. Walipunguza kazi za barabara na mitaro, na mhandisi wa mji, John Pigott Smith, akaondolewa kazini.

Ni rahisi kuwacheka watu hao leo. Lakini walikuwa wenye maduka madogo na wamiliki wa nyumba mbili tatu, na kodi ya mji ilihesabiwa kwa thamani ya jengo. Mwenye duka aliyehitaji chumba kikubwa cha bidhaa alilipa zaidi ya wakili tajiri mwenye ofisi ndogo. Kila mradi mpya uliwagusa wao kwanza, na hofu yao ilikuwa na msingi.

Tatizo ni kwamba gharama waliyoikwepa haikutoweka. Mwaka 1858 mwenye ardhi aliyeishi upande wa chini wa mto Tame, Charles Adderley, alikwenda mahakamani na kupata amri dhidi ya halmashauri kwa sababu majitaka ya mji yalikuwa yakimwagwa mtoni na kumfikia yeye. Halmashauri iliyookoa fedha za mitaro ikajikuta ikizitumia kwa mawakili, kisha ikarudi kwenye mitaro ile ile.

Gesi kwanza

Chamberlain aliingia barazani mwaka 1869. Mwaka huo huo sheria mpya iliwapa wanawake wasio na waume na wajane waliolipa kodi ya mji haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa halmashauri, miongo kadhaa kabla ya wanawake kupata kura ya Bunge. Msingi wake ulikuwa wazi: anayelipa ana sauti.

Hakuwa peke yake. Wahubiri wawili wa mjini, George Dawson na Robert Dale, walikuwa wakifundisha kwa miaka kwamba kuutumikia mji ni wajibu wa kidini na kwamba mfanyabiashara mwenye uwezo hana udhuru wa kukaa pembeni. Diwani Thomas Avery, wa ukoo wa watengenezaji mizani, alikuwa amekwisha kudai kwamba mji ununue kampuni ya maji. Historia imempa Chamberlain sifa nyingi ambazo kwa haki angegawana na Avery.

Kilichomtofautisha Chamberlain ni mpangilio. Alipochaguliwa meya mwezi Novemba 1873, hakuanza na maji. Alianza na gesi, iliyokuwa ikiwasha taa za barabarani na majumbani. Mji ulikuwa na kampuni mbili za gesi zilizoshindana na kuchimbua barabara zile zile mara mbili. Alipendekeza mji uzinunue zote kwa takriban pauni milioni mbili. Kwa halmashauri ambayo madeni yake yote hayakufika mbali hivyo, tarakimu hiyo iliwashtua watu. Inasemekana alikuwa tayari kuweka hata mali yake mwenyewe rehani kwa ajili ya mpango huo.

Hesabu yake ilikuwa ya kiwandani. Gesi ilikuwa na soko linalokua. Mji ungekopa kwa riba ndogo, kwa kuwa wakopeshaji waliamini kwamba mji haufilisiki wala hauhami. Faida iliyokuwa ikienda kwa wanahisa ingelipa riba, na kinachobaki kingeingia katika mfuko wa mji bila kupandisha kodi. Katika mwaka wa kwanza biashara ya gesi iliingiza faida ya pauni 34,000. Jumba la makumbusho na sanaa la Birmingham, lililofunguliwa mwaka 1885, lilijengwa kwa fedha zilizotokana na gesi.

Mafanikio hayo yalimpa kitu ambacho wabana matumizi hawakuwahi kumpa yeyote: imani ya mlipa kodi kwamba mji ukikopa, unajua unachokifanya.

Maji bila faida

Kwenye maji alibadilisha kanuni. Mbele ya kamati ya Bunge, iliyotakiwa kutoa idhini, alieleza kwamba mji hauna nia ya kupata faida yoyote kutokana na maji. Faida ingekuja kwa njia nyingine, katika afya ya wakazi. Gesi, kwa maoni yake, ilikuwa bidhaa ya hiari kwa kiasi fulani. Mtu anaweza kuwasha mshumaa. Maji hayana mbadala, isipokuwa kile kisima.

Hapa ndipo watu wengi humwelewa vibaya. Kutotaka faida hakukuwa na maana ya maji ya bure, wala ya maji yanayouzwa chini ya gharama. Kampuni ilinunuliwa mwezi Januari 1876 kwa pauni 1,350,000. Deni hilo lilikuwa na riba, na pampu, mabomba na mabwawa yalihitaji matengenezo kila mwaka. Yote hayo yangelipwa na ada za maji. Kilichoondolewa ni gawio la wanahisa. Kama kungebaki ziada baada ya deni na matengenezo, sera ilikuwa irudi kwa wateja kwa kupunguza bei au kupanua mtandao, isichukuliwe kuziba mapengo mengine ya bajeti.

Sehemu hiyo ya mwisho haikumbukwi mara nyingi, na pengine ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi. Mteja anayeambiwa alipe zaidi kwa ajili ya mabomba anataka kujua kwamba fedha zitaishia kwenye mabomba. Chamberlain, aliyekuwa mtu wa daftari la hesabu, alilielewa hilo.

Katika miezi hiyo ya kiangazi mwaka 1875, sheria ya maji ya Birmingham ikiwa bungeni, Sultan Barghash bin Said wa Zanzibar alikuwa Uingereza kwa ziara rasmi. Katika utawala wake naye aliuletea mji wake maji ya bomba, kutoka chemchemi zilizo kaskazini mwa Mji Mkongwe, kwa gharama yake, na wakazi waliyachota bila malipo. Mazoea ya maji yasiyo na ankara yalidumu Zanzibar kwa vizazi. Ni njia mbili tofauti kabisa za kufikisha maji mjini. Maji ya Barghash yalikuwa zawadi ya mtawala, na zawadi haimlazimishi mrithi kutengeneza bomba linapopasuka. Maji ya Chamberlain yalikuwa deni la kila mkazi, lenye tarehe ya kulipwa.

Waliolipa

Mkazi wa Birmingham wa wakati huo hakuwa na mita. Ada ya maji ya nyumbani ilihesabiwa kwa thamani ya nyumba: nyumba kubwa ilitozwa zaidi, ndogo ilitozwa kidogo. Viwanda vilivyotumia maji mengi ndivyo vilivyopimiwa. Mfumo huo ulikuwa na nafuu kwa familia kubwa ya maskini, kwani kuoga watoto saba hakukuongeza ankara.

Hata hivyo, mzigo ulishuka hadi chini. Baada ya ununuzi, halmashauri ilizidi kufunga visima vilivyochafuka. Katika nyumba za ua, mwenye nyumba ndiye aliyelipa ada ya maji, kisha akaiingiza katika kodi ya pango. Familia iliyokuwa ikinywa maji ya bure, ingawa machafu, sasa ililipia maji kila wiki bila hata kuona ankara. Kwa mtu anayehesabu peni, kupanda kwa kodi ya chumba kulionekana siku hiyo hiyo, ilhali homa ya matumbo ambayo mtoto hakuipata haikuonekana kamwe.

Chamberlain alijibu kwa hesabu za vifo. Alionyesha kwamba katika mitaa ya maskini katikati ya mji watu walikufa kwa kiwango cha karibu mara mbili ya kile cha Edgbaston, kitongoji cha bustani walikoishi matajiri, yeye mwenyewe akiwa jirani yao. Ugonjwa nao ulikuwa kodi, alidai, na kodi hiyo ilitozwa kwa maskini zaidi: mshahara uliopotea, mazishi, yatima waliolelewa kwa fedha za mji. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikuwa kweli.

Lakini rekodi yake ina doa hapo hapo. Mradi wake wa tatu, wa kubomoa makazi duni, ulizaa barabara ya Corporation Street, pana na yenye maduka ya fahari. Nyumba za maskini zilibomolewa na halmashauri haikuwajengea nyingine. Wengi walihamia ua wa mtaa wa jirani, wakabanana zaidi. Aliyejua kuhesabu thamani ya ardhi kwa miaka 75 ijayo hakuhesabu walipokwenda kulala waliohamishwa.

Mwezi Juni 1876 aliacha umeya na kwenda Bungeni. Miaka minne baadaye mji ulimjengea kumbukumbu akiwa bado hai. Ni chemchemi ya mawe yenye mnara na mabirika, katika uwanja ambao leo unaitwa kwa jina lake.

Maji kutoka Wales

Kampuni iliyonunuliwa mwaka 1876 haikutosha kwa muda mrefu. Mji uliendelea kukua, na vijito na visima virefu vya karibu havikuweza kuufuata. Waliomfuata Chamberlain walifanya alichowafundisha, kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 1892 Bunge liliidhinisha Birmingham kujenga mabwawa katika bonde la Elan, katikati ya Wales, na kuyaleta maji mjini kwa mfereji wa kilomita 118.

Mhandisi James Mansergh alitumia tofauti ya mwinuko kati ya bonde na mji, na maji yakateremka yenyewe bila pampu hata moja. Mteremko ni mdogo mno kiasi kwamba maji huchukua zaidi ya siku moja kufika. Mfalme Edward wa Saba alifungua mradi huo tarehe 21 Julai 1904. Gharama yake ilikuwa mamilioni ya pauni, na deni lake lililipwa na watumiaji wa maji kwa miongo kadhaa, wengi wao wakiwa hawajazaliwa mkopo ulipochukuliwa. Wapinzani wa mikopo mirefu huliona hilo kuwa dhuluma. Binafsi naona hoja ya upande wa pili ni nzito zaidi: bwawa litakalotumika miaka mia si haki lilipwe lote na kizazi kimoja.

Dhuluma ilikuwepo, lakini mahali pengine. Watu wapatao 100 walitakiwa kuondoka bondeni. Mashamba, kanisa na shule vilifunikwa na maji. Fidia ilikwenda kwa wamiliki wa ardhi. Wapangaji na vibarua waliondoka mikono mitupu. Wao hawakuwa wapiga kura wa Birmingham.

Ng'ambo ya bahari

Chamberlain hakuwa tena mtu wa mabomba. Mwaka 1886 alikipasua chama chake cha Kiliberali kwa kupinga Ireland kujitawala, na mwaka 1895 aliomba mwenyewe wizara ya makoloni, wizara ambayo wanasiasa wakubwa waliidharau. Aliyatazama makoloni kama alivyoitazama Birmingham: mali iliyotelekezwa, inayohitaji mkopo, reli, bandari na madaktari. Alisaidia kuanzishwa kwa chuo cha tiba ya magonjwa ya nchi za joto mjini London mwaka 1899.

Mwezi Desemba 1902, akiwa njiani kwenda Afrika Kusini, alishuka Mombasa na kupanda treni ya reli ya Uganda. Reli hiyo, iliyokuwa chini ya wizara ya mambo ya nje na siyo yake, ilikuwa imemgharimu mlipa kodi wa Uingereza zaidi ya pauni milioni tano, na kila mtu alijiuliza fedha hizo zingerudije. Nyanda za juu alizoziona kupitia dirishani zilimvutia. Mwaka uliofuata alimweleza Theodor Herzl, kiongozi wa vuguvugu la Kizayuni, kwamba Wayahudi wangeweza kupewa eneo hilo. Historia huuita mpango wa Uganda, ingawa ardhi iliyotajwa baadaye ilikuwa Uasin Gishu, nchini Kenya ya leo. Mkutano wa Wazayuni uliukataa mwaka 1905. Wenyeji wa nyanda hizo hawakuulizwa na yeyote.

Tofauti na Birmingham inaonekana bila kutafutwa. Kule, mjane aliyelipa kodi alikuwa na kura juu ya bei ya maji. Huku, watu walitozwa kodi ya nyumba ili himaya ijilipie gharama zake, na hawakuwa na diwani wa kumlalamikia. Afrika Kusini ilikuwa mbaya zaidi. Katika vita vya 1899 hadi 1902, ambavyo wapinzani wake waliviita vita vya Chamberlain, makumi ya maelfu ya watu, Makaburu na Waafrika, wengi wao watoto, walikufa katika kambi za jeshi la Uingereza kwa surua, kuhara na homa ya matumbo. Meya aliyefunga visima vichafu alikuwa waziri katika serikali iliyowaweka watu mahali ambapo maji na vyoo viliwaua.

Mwezi Julai 1906, siku chache baada ya Birmingham kumfanyia sherehe kubwa ya kutimiza miaka 70, alipatwa na kiharusi. Alipooza upande mmoja na hakupona. Alifariki tarehe 2 Julai 1914. Familia ilikataa heshima ya kuzikwa Westminster Abbey, na akazikwa katika makaburi ya Key Hill, Birmingham, karibu na mtaa wa masonara.

Bomba la miaka mia

Idara ya maji aliyoianzisha ilibaki mikononi mwa mji hadi mwaka 1974, ilipohamishiwa kwa mamlaka mpya ya maji ya Severn Trent. Mwaka 1989 serikali ya Margaret Thatcher iliziuza mamlaka za maji za England na Wales kwa wanahisa. Gawio ambalo Chamberlain aliliondoa likarudi.

Mfereji wa Elan bado unafanya kazi, lakini umepita miaka mia na unahitaji kukaguliwa na kukarabatiwa, jambo lisilowezekana huku mji mzima ukinywa kutoka humo. Ndiyo maana kampuni ilijenga njia ya pili, bomba jipya kutoka mto Severn, kwa gharama ya takriban pauni milioni 300, ili mfereji wa zamani uweze kufungwa kwa wiki kadhaa wakati wa matengenezo. Fedha hizo nazo zinatoka kwenye ankara.

Mwezi Desemba 2024, msimamizi wa sekta ya maji nchini humo, Ofwat, aliziruhusu kampuni za England na Wales kupandisha bei kwa wastani wa asilimia 36 katika miaka mitano, kabla ya kuongeza mfumuko wa bei. Sababu zilizotolewa ni mabomba yaliyozeeka, uvujaji na majitaka yanayomwagwa mitoni. Wateja waliuliza kwa nini walipe matengenezo ambayo hayakufanyika huku wanahisa wakigawana fedha kwa zaidi ya miaka thelathini. Ankara za kwanza zenye bei mpya zilianza kutumika mwezi Aprili 2025.